Ndugu kutoka Burundi amekaa kwangu mwezi wa tano na karatasi zake sizielewi: mwenye nyumba ana kosa gani?

BintiGungu (Kigoma Mjini)

Ndugu zangu, salamu kutoka Kigoma. Naomba kueleza jambo linaloninyima usingizi tangu wiki iliyopita, na ningependa kujibiwa na wenye ujuzi au waliowahi kupitia hali kama hii, kwa sababu ushauri wa mtaani nimeupata wa kutosha na ndio uliozidi kunichanganya.

Mama yangu alifariki mwaka huu. Mdogo wake aliolewa Burundi, upande wa Makamba, tangu zamani, na mwanawe wa kiume, ambaye kwangu ni ndugu wa damu kabisa, alikuja msibani akipitia Manyovu. Siku ile alinionyesha karatasi yake ya kusafiria iliyogongwa muhuri mpakani, kisha akaikunja mara nne na kuitia kwenye kifuko cha nailoni kilichokuwa cha sukari. Tulizika, tukamaliza arobaini, na mimi mwenyewe ndiye niliyemsihi asiharakishe kuondoka, kwa kuwa nyumba ilikuwa imepooza. Sasa huu ni mwezi wa tano tangu aingie. Juzi nilimwomba ile karatasi nikaimulika kwa tochi ya simu, nikakuta wino umechujuka kwa jasho hasa mahali palipoandikwa muda wa kukaa, na unachoweza kusoma ni jina la kituo na mwezi alioingia tu.

Katika muda huo amekuwa akinisaidia kwenye biashara yangu ya mawese pale Kibirizi: anapokea madumu, anayahesabu, na nisipokuwepo anauza. Simlipi mshahara, ila anakula na kulala kwangu, na mara mojamoja nampa hela ya vocha. Laini ya simu anayoitumia nilimsajilia mimi kwa kidole changu.

Mwezi uliopita alimleta mwenzake, binti wa kama miaka ishirini, akasema ni mke wake. Nilidhani naye ametoka Makamba. Wiki iliyopita nikiwa jikoni nilimsikia akimsimulia mwanangu jinsi walivyokuwa wakipanga ndoo kwenye foleni ya maji Nduta, ile kambi ya wakimbizi ya Kibondo, na namna mtu alivyoweza kuibiwa zamu yake kwa kugeuka tu. Nilisimama na mwiko mkononi. Sikumuuliza kitu, na mpaka leo sijamuuliza.

Jirani mmoja anasema nikikutwa nao nitalipa shilingi milioni 20 au nitafungwa miaka 20. Mwingine ananishauri niwahamishie chumba cha uani na wasitoke mchana. Wa tatu anasema kuna mtu anayeweza kuwafanyia mpango wa kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kwa kuwaandikisha kama watoto wa marehemu mama yangu. Mjumbe wetu wa nyumba kumi ameshauliza mara mbili kwa utani, "Mgeni huyu bado yupo tu?" Nami nikacheka.

Naomba kujua kosa langu linaanzia wapi, kama lipo. Na je, nikiwaambia waondoke usiku wa leo, nitakuwa nimejinusuru?

Mtendaji Mstaafu (Kasulu)

Dada, pole kwa msiba. Nimefanya kazi ya utendaji wa kata kwa miaka mingi katika mkoa huu huu, na mambo ya namna yako yalinifikia mezani karibu kila mwezi. Mimi si wakili, kwa hiyo yachukue haya kama maelezo ya mtu aliyekaa upande wa pili wa meza, kisha umtafute mwanasheria kabla ya kufanya lolote ambalo halirudishiki.

Kwanza tenganisha wageni wako, kwa maana unawazungumza kama jambo moja ilhali sheria inawaona kuwa wawili tofauti kabisa. Kijana ni mgeni aliyeingia mpakani kwa mlango halali. Binti, ikiwa uliyoyasikia ni kweli, huenda ni mkimbizi aliyeko nje ya kambi. Wa kwanza yuko chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, yaani Sura ya 54. Wa pili yuko chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Ofisi zinazowahusu ni mbili, ingawa zote ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na hatari inayokukabili wewe kwa kila mmoja haifanani.

Nianze na kijana. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika mwaka 2010 inaruhusu raia wa nchi mwanachama kupewa pasi ya kuingia na kukaa hadi miezi 6. Watu wengi hapa Kigoma hulisikia neno "hadi" wakadhani ni "lazima". Si hivyo. Siku zinazohesabika ni zile ambazo afisa wa mpakani aliziandika, na akiandika miezi 3, basi ni miezi 3, hata kama binamu wa jirani alipewa 6. Kwa hiyo mwezi wa tano wa ndugu yako unaweza kuwa halali kabisa au umeshapitiliza, na jibu limo kwenye ule wino uliochujuka. Kituo cha Manyovu kina kumbukumbu zake, na ofisi ya Uhamiaji ya mkoa inaweza kuulizia. Hilo ndilo swali la kwanza la kujibiwa kabla ya mengine yote.

Ikiwa muda umeisha, yeye ana kosa la kuwepo nchini kinyume cha sheria. Wewe unaingiaje? Sheria haimwadhibu mtu kwa kuwa na mgeni. Inamgusa anayempa hifadhi mtu akijua, au akiwa na sababu za msingi za kuamini, kwamba mtu huyo yupo kinyume cha sheria. Dada, uzito wote upo kwenye hilo neno "akijua". Mpaka juzi ungeweza kusema kwa moyo mweupe kwamba ulimwona ndugu yako na karatasi yenye muhuri, ukaridhika. Baada ya kumulika ile karatasi kwa tochi na kupata mashaka, na baada ya kusikia habari za foleni ya maji, huwezi tena kusema hukuwa na sababu ya kuuliza. Sikutishi, nakuonyesha tu kwamba saa yako imeanza kuhesabu wiki iliyopita na si miezi mitano iliyopita, na muda ambao afisa atauangalia kwa makini ni huu unaofuata.

Hiyo milioni 20 na miaka 20 jirani yako hakuitunga. Ni adhabu iliyoingizwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2015 dhidi ya kusafirisha wahamiaji kwa magendo, na umeisikia redioni kwa sababu madereva wanaokamatwa na abiria waliojazwa kwenye malori hushtakiwa nayo. Kosa hilo lina sura ya biashara na njama. Mwanamke aliyepokea mtoto wa mama yake mdogo msibani hafanani na dereva huyo. Hata hivyo usijifariji kupita kiasi, kwa maana kumvusha mtu, kumficha, kumtafutia usafiri wa usiku na kumtafutia karatasi za uongo ni mambo yanayokaa jirani sana katika macho ya mwendesha mashtaka, na wewe umeshashauriwa mawili kati ya hayo manne.

Hapa niseme kwa ukali kidogo. Ule mpango wa NIDA ufukuze mlangoni pamoja na aliyeuleta. Kumwandikisha asiye raia kama mtoto wa marehemu ni kutoa taarifa za uongo katika usajili wa watu na kudanganya kuhusu uraia, na utakuwa umemchafua marehemu kwenye karatasi ambazo hazifutiki. Katika mkoa huu, ambako hata Muha, mwenyeji kabisa, aliyezaliwa Heru Juu huulizwa babu yake amezikwa wapi, uongo wa namna hiyo hauishi muda mrefu. Siku utakapogunduliwa, watakaofunguliwa mafaili upya si wao wawili tu, bali pia wanao na ndugu zako wa kweli.

Kuhusu mawese, jambo hili umelitaja kwa kupita wakati mimi naliona zito kuliko kitanda unacholazia mgeni. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inataka asiye raia awe na kibali kabla ya kufanya kazi, na inamwajibisha mwajiri pia. Uraia wa Afrika Mashariki haumwondolei hitaji hilo. Kusema kwamba humlipi hakumalizi hoja. Kunaweza hata kuiharibu, kwa sababu mtu wa nchi jirani anayefanya kazi bila ujira, anayelala kwa anayemfanyisha kazi, na ambaye karatasi zake ziko mkononi mwa mwenye nyumba, ndiyo picha ambayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 iliandikwa kuizuia. Mimi najua, na wewe unajua, kwamba huyo ni ndugu anayesaidia nyumbani kama ndugu yeyote. Afisa anayekuja Kibirizi hajui. Kuanzia kesho aache kuuza, na karatasi yake mrudishie aishike mwenyewe.

Laini ya simu nayo iondoe kwenye jina lako. Lolote litakalopita kwenye namba hiyo litakuja kuulizwa kwako.

Sasa binti. Sheria ya Wakimbizi inataka anayekimbia ajitokeze ndani ya siku 7 baada ya kuingia, na inamruhusu ajitokeze hata kwa mtendaji wa kijiji, kwa hiyo mimi mwenyewe nimewahi kupokea watu wenye matope ya Mto Malagarasi miguuni wakiomba kuandikwa. Baada ya kupokelewa anatakiwa kukaa kwenye eneo alilopangiwa, na akitoka anahitaji kibali kutoka kwa mkuu wa kambi. Akitoka bila kibali ana kosa, ila hilo halimvui hadhi ya ukimbizi, na wala hapaswi kurudishwa kwa nguvu kule alikokimbia. Ndiyo maana jibu la swali lako la mwisho ni hapana. Ukimtoa usiku wa leo atakwenda wapi kama si kwenye njia za panya? Na atakayekutwa naye huko atataja alikolala jana.

Mzaliwa wa Ulyankulu (Tabora)

Naongeza jambo moja ambalo Mzee wa Kasulu amelipita haraka, na naliongeza kwa heshima. Kusikia kwamba mtu "alikulia kambini" hakukuambii yeye ni nani leo. Mimi nimekulia Ulyankulu, makazi ya wakimbizi hapa Tabora. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, na sisi tuko miongoni mwa wale zaidi ya laki moja na nusu waliopewa uraia wa Tanzania, ambao vyeti vyao vilitolewa mwaka 2014. Mpaka leo nikitaja nilikozaliwa, mtu wa mjini huniuliza kama nina kibali cha kutoka kambini. Nina cheti, nina kitambulisho, na ninapiga kura.

Habari za Nduta ni tofauti, kwa sababu kambi hiyo ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya wimbi jipya, na waliokuwemo humo hawamo katika uraia ule. Lakini wapo waliorejea Burundi kwa hiari tangu mwaka 2017 wakasalimisha kadi zao, kisha wakaja tena Tanzania kama wageni wa kawaida kwa hati ya safari. Binti anaweza kuwa mmoja wao. Anaweza pia kuwa bado ameandikishwa kambini pamoja na wazazi wake, na anaweza kuwa hana karatasi yoyote. Hizo ni hali tatu, na huwezi kuzijua kwa kusikiliza ukiwa jikoni.

Muulize, dada. Mketishe, mpe chai, umuulize kwa upole karatasi zake ni zipi na wazazi wake wako wapi. Tuliokulia maisha hayo tumezoea kuulizwa na watu wenye sare, na swali la mama mwenye nyumba ni jepesi kuliko mnavyodhani.

Na jambo dogo: kuolewa na huyo kijana hakumpi binti chochote hapa nchini, kwa kuwa mume mwenyewe si raia. Hata mgeni anayeolewa na Mtanzania hawi raia siku ya harusi, inabidi aombe.

Mwana Mwandiga

Mimi sina vifungu, nina kisa.

Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, ile ya kuwasaka wahamiaji haramu, ambayo waliokuwa Kigoma, Kagera na Geita wanaikumbuka, baba yangu alikuwa na mgeni kutoka ng'ambo, rafiki yake wa uvuvi wa miaka mingi. Alikuja na hati halali, na siku zake zilikuwa bado hazijaisha, jambo tulilokuja kulithibitisha baadaye. Tuliposikia kwamba nyumba za mtaa wa pili zinapitiwa, mama akaingiwa na hofu akamwambia mzee wa watu aingie stoo. Tulikuwa na madumu ya mawese kama arobaini, akachuchumaa nyuma yake, na mama akatandika turubai juu.

Walipoingia hawakutafuta sana. Askari mmoja aliona turubai linapumua. Mzee akatoka, magoti yote mawili yamepakwa mafuta mekundu, na mkononi ameishika hati yake. Afisa akaisoma, akaigeuza, akamwuliza baba swali moja tu: "Kama ni mgeni halali, anafanya nini nyuma ya madumu?" Baba hakuwa na jibu. Alilala kituoni usiku wa siku tatu, si kwa sababu ya mgeni, maana mgeni aliachiwa siku ya pili baada ya hati yake kuhakikiwa, bali kwa sababu ya lile turubai. Hata yule afisa simlaumu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na mimi ndiye niliyeshika upande mmoja wa turubai.

Huyo anayekushauri chumba cha uani, mwambie akawafiche kwake.

BintiGungu

Nawashukuru sana wote. Shikamoo Mzee wa Kasulu, na asante kaka wa Tabora kwa kuniambia nimuulize, kwa maana niliogopa kuuliza kuliko nilivyoogopa jibu.

Jana baada ya chakula cha usiku nilimketisha. Alilia kidogo, kisha akaenda chumbani akarudi na kadi yake ya familia, imewekwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Bado ameandikishwa Nduta pamoja na mama yake na wadogo zake wawili, na alitoka bila kibali. Wala hawajafunga ndoa popote, wameahidiana tu. Mama yake hajui aliko, anadhani yuko Kibondo mjini kwa vibarua.

Kuhusu kijana, nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa asubuhi, si kwa mjumbe, na nikamweleza yote kuanzia msiba. Alinisikiliza, akaandika kwenye daftari lake jina la mgeni, siku aliyoingia na uhusiano wetu, akasema ningekuja mwezi wa kwanza angefurahi zaidi. Amenipa barua ya kwenda Uhamiaji mkoa. Anasema muhuri wa aina ile aliouona kwa wageni wengine ni wa miezi 3, kwa hiyo tujiandae kwamba muda umepita.

Kuuza mawese ameacha tangu juzi. Laini nimekwenda kuifuta.

Naogopa kuingia naye pale ofisini. Je, si afadhali aende peke yake, mimi nisubiri nje?

Mtendaji Mstaafu (Kasulu)

Marahaba, binti yangu. Ingia naye.

Akienda peke yake, yeye ni Mrundi aliyepitiliza muda. Mkienda wawili, yeye ni ndugu aliyekuja kumzika mama yako na ambaye wenyeji wake wamemleta wenyewe. Sitakuahidi kwamba mtapewa viti na soda. Anaweza kutozwa faini, anaweza kupewa siku chache za kuondoka, na afisa akitaka anaweza kumfikisha mahakamani, kwa kuwa mamlaka hayo anayo. Lakini katika miaka yangu ya kazi aliyejileta na aliyekamatwa hawakuandikiwa maelezo yanayofanana, na maelezo hayo ya kwanza ndiyo yanayosomwa mpaka mwisho wa shauri. Usiende kabla ya kuzungumza na msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi hawa wanatambuliwa rasmi na hawapaswi kukutoza, na afisa ustawi wa jamii wa manispaa anaweza kukuelekeza kwao. Mmoja wao aandamane nanyi.

Binti usimpeleke ofisi hiyo hiyo siku hiyo hiyo. Kesi yake ni ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na mkuu wa kambi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lina watumishi Kibondo, nao wanaweza kuongozana naye ili kurudi kwake kupokelewe kama kurudi, na si kama kukamatwa barabarani. Msimpandishe kwenye basi peke yake bila karatasi yoyote, kwa sababu kati ya Kigoma na Kibondo kuna vizuizi, na atashushwa cha kwanza. Apige simu kwanza, asubiri aelekezwe, na ampigie pia mama yake.

Siku ya kwenda na kijana chukua kitambulisho chako, barua ya mwenyekiti, ile karatasi pamoja na kifuko chake cha sukari, na cheti cha kifo cha mama. Hicho cha mwisho usikisahau. Tarehe yake na ule mwezi unaosomeka kwenye muhuri vitakuwa vimekaa pamoja mezani kabla hujafungua kinywa.